Mbu wa Mpakani na Bibi wa Mahindi

Malaba na Busia zimezoea kutajwa kwa habari za aina moja: foleni ya malori iliyorudi nyuma hadi Amagoro, mahindi yaliyozuiwa getini, magendo yaliyopitia njia za panya. Mwaka 2022 mpaka huu ulitajwa mahali ambapo hakuna dereva wala wakala wa forodha angewazia kuutafuta, yaani ndani ya jarida la kisayansi la Molecular Ecology. Orodha ya watafiti iliongozwa na Harun Njoroge, na ndani yake walikuwamo Charles Mbogo na Joel Bargul wa Kenya, Bilali Kabula wa Tanzania, Francis Wat'senga wa Kongo, na David Weetman na Martin Donnelly wa Chuo cha Tiba za Kitropiki cha Liverpool. Walieleza mabadiliko matatu katika DNA ya mbu aitwaye Anopheles gambiae, msambazaji mkuu wa malaria. Mabadiliko hayo husafiri pamoja, kama kifurushi kimoja. Yanaonekana kuanza hivi karibuni kwa mbu wa mpaka wa Kenya na Uganda, kisha yakaenea hadi Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hayakugongwa muhuri popote.

Mbu mwenye kifurushi hicho hastuki sana anapotua kwenye neti yenye dawa. La ajabu zaidi ni namna anavyookoka. Hana sumu mpya wala kiungo kipya. Anacho kilekile walichokuwa nacho mama zake, ila anacho kwa wingi.

Kipimo chenyewe ni cha kawaida, na anayekitazama mara ya kwanza huenda akashangaa kwamba kazi hii huanzia kwenye tope. Mafundi hutembea na kata yenye mpini mrefu wakichota viluwiluwi kwenye mashimo ya wafyatua matofali, kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua, na kwenye makorongo yaliyochimbwa na magurudumu kando ya barabara za murram. Viluwiluwi hulelewa hadi wawe mbu. Majike 20 hadi 25, wenye umri wa siku tatu hadi tano na ambao bado hawajaonja damu, hupulizwa taratibu ndani ya mrija wa plastiki uliotandikwa karatasi yenye deltamethrini ya asilimia 0.05. Wanakaa humo saa moja. Kisha huhamishiwa mrija safi, pamba iliyoloweshwa maji ya sukari ikawekwa juu, na baada ya saa 24 fundi anawahesabu waliolala chali. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa bado ina nguvu. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda mbu walishauvuka mstari huo zamani. Anayebaki hai utamkuta pambani, ananyonya sukari yake.

Usugu una njia zaidi ya moja. Dawa za jamii ya pairethroidi, deltamethrini ikiwamo, humuua mbu kwa kukamata milango midogo inayopitisha sodiamu katika neva zake. Milango ikikwama wazi, mbu hutetemeka, huanguka na kufa. Mwaka 2000 Hilary Ranson na wenzake walieleza mbu wa Kenya waliobadilika herufi moja tu ya DNA katika jeni la milango hiyo. Herufi ikibadilika, umbo la mlango hubadilika, na dawa haishiki vizuri. Badiliko la namna hiyo ni rahisi kulifahamu, kwa kuwa kitu chenyewe kimegeuka.

Lakini kulikuwa na dalili nyingine, ya zamani kuliko hiyo, na aliyeiona alikuwa mtu wa nyumbani. John Vulule wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, Kisumu, alichapisha na wenzake mwaka 1994 taarifa kwamba mbu wa vijiji vya magharibi mwa Kenya vilivyokuwa vikijaribu neti na mapazia yenye pamethrini walikuwa wameanza kuizoea. Huo ulikuwa wakati neti zenye dawa bado ni jambo la majaribio, miaka mingi kabla serikali haijaanza kuzigawa kwa mamilioni. Mwaka 1999 walirudi na jibu la kikemia: mbu hao walikuwa na vimeng'enya vingi kupita kawaida, vya aina inayoivunja dawa mwilini kabla haijafika kwenye neva. Vimeng'enya ni vilevile, kiasi ndicho kimepanda. Kwa nini kimepanda, vifaa vya wakati ule havikuweza kueleza. Ramani kamili ya jeni za Anopheles gambiae ilitoka mwaka 2002.

Mtu wa Malaba hahitaji maelezo marefu juu ya tofauti hii. Lori ni lilelile na shehena ni ileile. Kinachoamua yatapita mangapi kwa siku ni kile kizuizi kilicho mbele yake na mkono unaokiinua. Jeni nalo lina eneo mbele yake, kipande cha DNA kisichotengeneza chochote, ambacho kazi yake ni kuamua jeni lisomwe lini na mara ngapi. Wanasayansi huuita uwanja huu udhibiti wa jeni. Chembe ya ini na chembe ya jicho za mtu mmoja zina jeni zilezile; kinachozitofautisha ni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa.

Fikra hiyo ina wazazi wanaojulikana. François Jacob na Jacques Monod wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walionyesha mwaka 1961 kwamba bakteria wa utumbo hutengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya sukari ya maziwa pale tu sukari hiyo inapokuwapo, kwa sababu kuna jeni linalozuia na kuachia jeni nyingine. Mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff. Vitabu vingi huanzia hapo. Ila mwaka huohuo wa 1961 mwanamke mmoja wa Marekani aliandika makala akikumbusha, kwa upole wenye ncha, kwamba mfumo wa kudhibiti jeni alikuwa ameshauona kwenye mahindi.

Barbara McClintock alizaliwa mwaka 1902, mwaka uleule ambao Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda kuwa sehemu ya nchi ambayo leo ni Kenya, na kuanzisha mpaka ambao Wateso na Wasamia waliamka wakaukuta umepita katikati yao. Mahusiano ya mambo hayo mawili ni ya kalenda tu. McClintock alifanya kazi Cold Spring Harbor, kisiwani Long Island, akipanda mahindi yake mwenyewe na kuyatazama punje moja baada ya nyingine. Punje nyingine zilikuwa nyeupe zenye madoa ya zambarau, na madoa hayakuwa ya ovyo. Aligundua kwamba kipande fulani cha kromosomu kiliweza kung'oka mahali pake na kujipachika kwingine. Kikitua kwenye jeni la rangi, rangi huzimika na punje huwa nyeupe. Kikiondoka wakati punje bado inakua, rangi hurudi kwenye chembe hiyo na watoto wake wote, na hapo doa hutokea. Kikiondoka mapema, doa huwa kubwa. Kikichelewa, huwa dogo. Mtu aweza kusoma saa ya tukio kwa kutazama upana wa doa.

Mwaka 1951 aliyasoma haya mbele ya mkutano wa wanasayansi na kupokewa kwa ukimya. Tangu hapo hadithi yake husimuliwa kwa namna moja: mwanamke peke yake, wanaume wasioelewa, miaka thelathini ya kungoja, kisha Nobel ya mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka 81. Hadithi hiyo ni tamu, lakini inaficha kitu. Wanajenetiki wengi wa mahindi hawakubisha sana kwamba vipande vile vinaruka. Kilichowashinda ni madai yake makubwa zaidi. Yeye hakuviita vipande vinavyoruka. Aliviita vipengele vya kudhibiti, akiamini kwamba vipo ili kuongoza jeni nyingine ziwake na kuzimika. Tuzo ilipokuja, ilitaja kugundua kwake vipande vya urithi vinavyohama. Alituzwa kwa kuruka, ilhali moyo wake ulikuwa kwenye kudhibiti.

Hapo ndipo mbu wa mpakani anapopata uzito wake. Mabadiliko yake matatu ni haya. La kwanza ni herufi moja iliyobadilika ndani ya jeni liitwalo Cyp6p4. La pili ni kipande kinachoruka, cha ukoo wa vipande uliopewa jina la Zanzibar, ambacho kimejipachika nje, katika eneo lililotangulia jeni. La tatu ni jeni la jirani, Cyp6aa1, kurudufiwa. Jeni hizi zote zimo katika kundi moja la jeni za vimeng'enya viitwavyo saitokromu P450, vilevile vinavyovunja dawa. Katika mbu wenye matatu yote, jeni zinazoweza kuivunja pairethroidi husomwa kwa wingi zaidi, na mbu hao huokoka hasa wakikutanishwa na deltamethrini. Hayakuja kwa siku moja. Kwanza walienea mbu wenye mawili, kile kipande na ile herufi; kisha wakaja wenye matatu, nao wakachukua nafasi ya wale wa kwanza.

Kati ya hayo matatu ni lipi linalobeba mzigo mkubwa, si jambo la kukatwa kwa shoka, kwa sababu hutembea pamoja. Ila mwenendo wake si mgeni. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba nzi wadogo wa matunda, Drosophila, walikuwa sugu kwa DDT kwa sababu kipande kinachoruka kiitwacho Accord kilikuwa kimetua mbele ya jeni lao la Cyp6g1 na kulifanya lisomwe kupita kiasi. Mwaka 2010 ikabainika kwamba nzi hao walikuwa pia wamerudufu jeni lilelile. Kipande mbele, kisha nakala ya pili: nzi wa matunda na mbu wa Malaba wamefika kwenye hila moja bila kuambiana.

McClintock alifariki mwaka 1992, kabla ya yote haya. Ni haki kusema kwamba alikuwa sahihi nusu. Vipande vinavyoruka kweli vinaweza kupandisha na kushusha sauti ya jeni. Lakini katika mbu hakuna aliyekiagiza kile kipande kitue pale. Kilitua kwa bahati, kama vingi vinavyotua mahali pasipo na faida wala hasara, na neti za vijijini zikafanya kazi ya kuchuja. Waliokuwa nacho walipona wakataga mayai, wasiokuwa nacho wakafa. Kwa jicho la kizazi hadi kizazi inaonekana kama mpango.

Na uchujaji ulikuwa mkali. Nagongera, katika wilaya ya Tororo, si mbali na daraja la Malaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba mtu wa huko aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mwaka, karibu kila usiku. Mbu wa Nagongera walikuwa miongoni mwa waliokusanywa kwa ajili ya mradi mkubwa wa kusoma DNA ya mbu wa Afrika ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 2017, na ni katika data za mbu hao wa Uganda ndimo kundi la Njoroge lilimoona dalili ya kwanza: sehemu ya kromosomu ambamo mbu wengi walifanana mno, kana kwamba wote ni wajukuu wa bibi mmoja wa juzi tu. Upande wa Kenya nako mzigo haujatua. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 6 ya watoto nchini, lakini asilimia 19 katika ukanda wa ziwa, ambamo Busia imo.

Dawa inayopigwa vita na mbu hawa nayo ina asili ya karibu. Pairethroidi ni nakala ya maabara ya sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuliongoza duniani, kutoka Molo, Nakuru na nyanda za Kisii. Michael Elliott na wenzake, huko Rothamsted nchini Uingereza, walitengeneza pamethrini mwaka 1973 na deltamethrini mwaka 1974, dawa zisizooza upesi juani kama pareto. Mkulima wa Molo alipoteza soko. Mtoto wa Teso akapata neti.

Hata dawa ya kumpinga mbu sugu ina jamaa jikoni kwa Wateso. Miaka ya 1940 wanakemia wa Marekani waligundua kwamba mafuta ya simsim yakichanganywa na pareto, pareto huua wadudu zaidi, ingawa simsim peke yake haiui kitu. Kiini kilikuwa kemikali iitwayo sesamini. Wakatengeneza binamu yake mwenye nguvu zaidi, piperonili butoksaidi, kwa kifupi PBO. Kazi yake ni kuviziba vile vimeng'enya vya P450. Mbu anaingia vitani na jeshi lake kubwa, akakuta jeshi limefungwa mikono. Katika utafiti wa mwaka 2022, mbu wenye mabadiliko yote matatu walikufa zaidi walipowekwa kwenye neti yenye PBO.

Watu wazima wasiopenda maabara watauliza kama haya yanaonekana kwa mtoto aliyelala. Yanaonekana. Muleba, Tanzania, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilikuta kwamba miezi tisa baada ya kugawa neti, watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 29 palipogawiwa neti za PBO na asilimia 42 palipogawiwa za kawaida. Uganda ilifanya jambo la kijasiri zaidi: katika ugawaji wake wa kitaifa wa 2017 na 2018, aina za neti zilipangwa kwa kura katika maeneo 104 ya mashariki na magharibi mwa nchi, mpango wa serikali ukageuka kuwa jaribio. Matokeo yalitoka mwaka 2020, na PBO ikashinda tena.

Hapa kuna hatari ya kusikika kama neti ya kawaida ni kitambaa tu. Eric Ochomo wa KEMRI na wenzake walifuatilia watoto wa vijiji 50 vya magharibi mwa Kenya, Teso ikiwamo, mwaka 2013 na 2014. Wanaolala ndani ya neti waliambukizwa kidogo kuliko wasiolala, hata katika vijiji ambavyo mbu wake walikuwa sugu zaidi. Mbu sugu bado anazuiwa na nyuzi, na dawa isiyomuua humchosha. Usugu haukuigeuza neti kuwa wavu wa kuanikia omena, ingawa kando ya ziwa kazi hiyo nayo imeandikwa na watafiti.

Lakini neti za PBO ni ghali kuliko za kawaida, na hazitoshi kwa kila kitanda cha Afrika. Ndipo ugunduzi wa jeni unapoacha kuwa habari ya jarida na kuwa chombo cha kazi. Mguu mmoja wa mbu unatosha kutoa DNA ya kuonyesha kama kifurushi kimo au hakimo. Watafiti wenyewe walisema kwamba wingi wa kifurushi hicho hutofautiana sana hata ndani ya nchi moja, kwa hiyo kinaweza kutumika kuamua neti za bei zipelekwe wapi. Hiyo ni namna ya ushawishi wa kitaaluma isiyohesabiwa kwa idadi ya makala zilizomtaja fulani: ofisa wa afya akiangalia ramani na kuamua lori liende wapi, huku akitumia fikra iliyoanza kwenye punje ya hindi lenye madoa.

Tena mambo yamegeuka upya. Neti mpya zaidi hutiwa klorofenapiri pamoja na pairethroidi, na klorofenapiri si sumu kali hadi ibadilishwe ndani ya mwili wa mdudu. Vinavyoibadilisha ni vilevile vimeng'enya vya P450. Jaribio la Misungwi, Tanzania, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba neti hizo zilipunguza malaria ya watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili zikilinganishwa na za kawaida, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza. Kundi la Charles Wondji, Mkameruni, limeonyesha katika aina nyingine ya mbu, Anopheles funestus, kwamba P450 zinazompa mbu usugu kwa pairethroidi zinaweza kuifanya klorofenapiri imuue kwa urahisi zaidi. Sauti ya jeni iliyopandishwa kwa ajili ya kuokoka inakuwa njia ya kufia.

Kuna swali ambalo wapangaji wa pande zote mbili za daraja watalazimika kulijibu pamoja. PBO huzima P450, na klorofenapiri huhitaji P450 ziwe macho. Mbu akigusa neti ya PBO katika nyumba ya Malaba ya Uganda, kisha usiku huohuo akavuka mto na kutua kwenye neti ya klorofenapiri upande wa Kenya, huenda ya kwanza ikaivunja nguvu ya pili. Nairobi na Kampala kila moja ina ratiba yake ya kugawa neti, zabuni zake na wafadhili wake, na katika kituo cha pamoja cha mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja kukagua kila shehena, hakuna dirisha la kuuliza ni neti ipi imening'inizwa ng'ambo.